Maili ya Chumvi

Jumapili, 5 Januari 2020. Riyadh

Mkutano saa tatu asubuhi. Umeanza saa tano. Hakuna aliyeomba radhi — hata aibu ya uongo hawakuwa nayo.

Bosi Rayan ametundika picha mpya ofisini, kubwa kama mlango. Wazungu wenye masharubu, miwani ya vumbi usoni, wamekaa juu ya gari lisilo na paa, ufuoni, zaidi ya miaka mia iliyopita. Anaisimulia utadhani ni babu zake. Zamani hizo barabara zilikuwa mashimo matupu, anasema, kwa hiyo matajiri waliotaka kujua nani ana gari la kasi kuliko wote walikwenda baharini. Walingoja maji yapwe, mchanga ukazane, wakapima maili moja, mtu akasimama kila mwisho na saa mkononi. Mwaka 1904 Mmarekani mmoja alipita ufuo wa Florida kwa kilomita mia moja arobaini na nane kwa saa. Sasa bosi ameunda gari mfano wa yale. Mnyororo kama wa baiskeli, magurudumu ya mbao, mpira mwembamba kama mkono wangu. Anataka kuivunja ile kasi ya 1904 hapa kwetu, ufuo wa kusini mwa Jeddah, kwenye tamasha lake. Tarehe kumi na nane.

Mpima ni mimi. Ripoti ya ufuo niliiandika Novemba bila kukanyaga huko. Safari ilifutwa, ati mafi wakti, hakuna muda. Nilitumia picha za satelaiti na akili yangu mwenyewe — miaka sita nilipima viwanja Malindi na Kilifi, pwani naijua. Nikaandika kwamba maji yakipwa, mchanga utakuwa umekazwa na bahari yenyewe, gari litapita bila shida. Leo bosi ameisoma kwa sauti, watu wakapiga makofi. Nilifurahi. Acha niandike ukweli: nilifurahi sana.

Chakula cha mchana mbuzi wawili wazima juu ya wali. Watu tisa! Vilivyobaki vimesukumwa kwenye mfuko mweusi, na yule mfagizi Mbangladeshi akaambiwa asiguse. Asiguse! Nimekunywa maji tu.


Jumanne, 7 Januari. Riyadh

Dereva ameletwa. Lina, miaka ishirini na sita, mtoto wa Al-Rawdah, Jeddah. Mwembamba, kucha fupi, hacheki ovyo. Ati "Msaudi wa kwanza mwanamke kuvunja kasi ya mchangani." Bango limeshachapwa kabla hajaulizwa kama anakubali.

Wamemzungumzia masaa mawili akiwa amekaa palepale, kama sofa. Mpiga picha akasogea kumvuta mtandio nyuma — nywele zionekane kidogo, lakini zisizidi. Kidogo, lakini zisizidi! Bosi akapima kwa vidole viwili hewani. Ptuu. Miaka miwili tu iliyopita wangemfunga kwa kushika usukani, leo wanamuuza kwa kuushika, na ni watu walewale.

Yeye alivumilia. Aliniambia chooni, tukinawa mikono, kwamba alijifunza kuendesha akiwa na miaka kumi na miwili kwenye shamba la mjomba wake, amevaa kanzu ya kaka yake. Wanawake waliporuhusiwa, alikuwa mlangoni kwa watu wa leseni wiki ya kwanza. Mama yake hajawahi kumwona akiendesha kwa kasi. Tarehe kumi na nane atakuja.

Swali moja tu aliuliza mkutanoni: ardhi ikoje? Wote wakanigeukia mimi.

Nikasema ni mchanga mzuri.


Alhamisi, 9 Januari. Jeddah

Ndege imechelewa. Nimefikia kwa Sellah, Bani Malik. Tulisoma sekondari pamoja, sasa yeye ni nesi hapa mwaka wa saba. Chumba kimoja, friji inaguruma kama trekta, lakini kuna chapati na kuna mtu wa kuongea naye vizuri.

Wodi yake imejaa vijana wa kuserereka na magari barabarani usiku. Vichwa, shingo, miguu. Anasema anaweza kukuambia aina ya gari kwa kuangalia mfupa uliovunjika. Akaniuliza mimi nimeletwa kufanya nini. Nikamweleza. Akaacha kukanda.

"Jerioth, na wewe? Kazi zote za dunia?"

Nikamwambia hii ni tofauti, hii ni ya kisayansi, imepimwa. Akakoroma kwa pua na kuendelea na chapati zake.


Jumamosi, 11 Januari. Ufuoni

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika.

Nimefika saa moja asubuhi, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mjini. Hakuna kitu. Mifuko ya plastiki, ngamia watatu, na harufu — Mungu wangu, harufu! Yai bovu. Uwanda mweupe mpaka macho yanauma, chumvi juu ya mchanga. Nikaweka kiti changu, chupa ya chai, nikachomeka kijiti ukingoni mwa maji ili nione yakipwa. Nikangoja.

Saa mbili. Saa nne. Saa sita. Bahari imekaa palepale, kama maji kwenye beseni. Kwa kile kijiti maji yamesogea upana wa kiganja, basi.

Dereva wa boza la maji ya mafundi wa tamasha alikuwa amejilaza kivulini chini ya lori lake tangu asubuhi, ananitazama. Mwishowe akaja. Anaitwa Idi, mkaazi wa mtaa wa Ghulail, Jeddah. Wazazi wake walitoka Unguja mwaka sitini na nne yeye akiwa mgongoni, lakini Kiswahili chake bado cha hukohuko.

"Mwanangu, wangoja nini?"

"Nangoja maji yapwe, mzee."

Jamaa alicheka mpaka akashika bampa. Alipomaliza akapangusa macho. "Basi utangoja mpaka mwezi wa saba. Bahari ya huku haipwi kwa siku, mwanangu, yapwa kwa mwaka. Kiangazi yashuka, kipupwe yapanda. Saa hizi imepanda hiyo."

Malindi, maji yakitoka, yanatoka kweli — mchanga unabaki mgumu hadi watu wanacheza mpira, wanapita na baiskeli. Mimi nikadhani bahari ni bahari! Niko ofisini Riyadh, katikati ya jangwa, najitia najua pwani ya watu. Sikufungua hata kitabu kimoja kuuliza. Kiburi kitupu.

Nikachukua nondo, nikaanza kuchoma. Bikoni zangu, vigingi vya kupimia, nimeziweka kila mita hamsini. Kutoka ya kwanza hadi ya kumi na nane, nondo inaingia kidole kimoja inagoma. Ngumu, nzuri. Ya kumi na tisa — ikaingia mpaka karibu na ngumi yangu. Kwa mkono mmoja! Ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu, hivyohivyo. Juu ukoko wa chumvi, chini uji. Nikiichomoa inatoka nyeusi, na ile harufu inafuata.

Mita mia mbili za uji, katikati ya maili, pale gari litakapokuwa na kasi yake yote. Gurudumu jembamba likivunja ukoko ule, gari litapiga pindu. Halina paa. Lina yuko juu.

Idi akaniambia kosa moja haliachi mke, mwambie bosi wako mapema. Nikamuuliza na yeye alijua, mbona hakusema? Siku kumi yuko hapa na wahandisi wanapita!

"Mie? Mie nimeitwa kuleta maji."

Akarudi chini ya lori. Nimetamani kumpiga na ile nondo.


Jumatatu, 13 Januari. Jeddah

Nimemwona bosi hotelini kwake. Ghorofa ya juu, udi unafuka hadi koo linawasha, watu watano wamekaa wanamsubiri acheke ndipo nao wacheke.

Nimesema yote. Kosa ni langu. Nifute kazi ukitaka, bosi. Lakini sogeza tamasha mpaka Julai, bahari ikishuka, ukoko ukauke. Au fupisha: bikoni ya kwanza hadi ya kumi na nane ni ngumu, Lina apite hapo tu, apunguze mwendo mapema, asimame kabla ya uji.

Maili ni maili, akasema. Nani atatoka Riyadh kuja kuona nusu? Wageni wamealikwa. Ndege ndogo za kupiga picha zimeshafika.

Halafu akatoa simu, akanisomea ripoti yangu ya Novemba, polepole, kama mwalimu anayesomea mtoto barua ya mapenzi aliyokamatwa nayo. Jina langu chini. Iko kwa watu wa bima, iko kwa watu wa tamasha. Ripoti ndiyo hii, muhandis Jerioth. Nyingine sijaiona. Na kile cheti cha njia — kwamba maili imepimwa na ardhi inafaa — kinangoja saini yako, bila hicho gari haliruhusiwi kuwashwa. Kabla ya Ijumaa, tafadhali.

Na uji, bosi?

Akapata jibu. Loo, alivyojipenda alipolipata! Mchanga mkavu ni laini, mchanga ulioloa ni mgumu, kila mtoto anayejenga nyumba za mchangani anajua. Tutamwagilia!

Nikamwambia shida ni maji yaliyo chini tayari. Wale watano walikuwa wameshapiga makofi.


Jumanne, 14 Januari. Ufuoni

Maboza kumi na mawili leo. Maji matamu. Maji ya kunywa! Yanasafishwa chumvi kwa gharama kubwa, yanapakiwa, yanaletwa kilomita mia na zaidi, yanamwagwa juu ya chumvi, hatua ishirini kutoka baharini. Nimesimama pale nimeshika mdomo. Idi anasema mtaa wao Ghulail siku ya tisa leo mabomba makavu, wake zao wanapiga simu wakitafuta boza, na maboza yote yako hapa. Hata lake.

Nikamuuliza anaonaje.

"Naona namwaga," akasema. Akafungua valvu, akawasha sigara.

Sellah jioni alicheka hadi akalala chini. Ati nilitoka Kirinyaga na digrii yangu kuja kumwagilia bahari, nikawaambie nyumbani. Nikacheka naye. Halafu nikaacha kucheka na yeye akaacha.


Jumatano, 15 Januari. Ufuoni

Nimechoma nondo tena asubuhi. Ya ishirini na moja sasa inazama hadi juu ya ngumi. Maji ya maboza yamelainisha ukoko wenyewe. Yaani tumeharibu zaidi! Nimepiga picha, nimemtumia bosi. Alama mbili za buluu — amesoma.

Saa tisa akaja mwenyewe na Land Cruiser, matairi mapana yametolewa upepo kidogo, kioo chini, muziki juu. Akapita maili nzima kwa mwendo wa harusi. Akarudi. "Mafi mushkila!" Hakuna tatizo, ati. Watu wakapiga kelele, vijana wakampiga picha ameegemea mlango. Gari la matairi mapana, mwendo wa harusi! Tumbili angejua tofauti. Na wahandisi wengine walijua, niliwaona machoni. Kila mmoja alipata kitu cha kutazama kwenye viatu vyake. Nami nilitazama vyangu.

Lina alifanya mazoezi upande wa kuanzia, kule kwenye kokoto, mwendo mdogo. Aisee, anajua. Lile gari ni jinamizi — breki nyuma tu, usukani unampiga mikono, mafuta ya mnyororo yanamrukia shavuni — na yeye analinyamazisha kama mtoto mkorofi. Aliposhuka uso ulikuwa unang'aa. Mara ya kwanza namwona anacheka kwa meno.

Akaja moja kwa moja kwangu. Ananiita abla, kama watu wa hapa Hijazi wanavyomwita mwalimu wa kike.

"Abla Jerioth, njia iko sawa?"

Bosi alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, ananitazama juu ya miwani.

"Inaendelea vizuri," nikasema.

Inaendelea vizuri! Mdomo wangu huu ninaoombea.


Alhamisi, 16 Januari

Mandub amepiga simu saa mbili asubuhi, yule anayeshughulikia karatasi zetu serikalini. Sauti ya asali. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inakwisha tarehe mbili Februari, nilikuwa najua? Karatasi za kuihuisha ziko mezani kwa bosi. Bosi anangoja kitu fulani kutoka kwangu, hakuniambia ni kitu gani. Au pengine napendelea huruji, viza ya kuondoka moja kwa moja? Nyumbani ni kuzuri pia.

Miaka mitatu nilikaa nyumbani baada ya kampuni ya Nairobi iliyoniajiri kufunga. Miaka mitatu ya "bado hujapata?" kanisani, sokoni, mazishini. Najua siku za namna ile zilivyo.

Nimesaini saa sita na robo. Kalamu ya bosi, nzito, ya dhahabu. Akasema mabruk, hongera.


Ijumaa, 17 Januari. Bani Malik

Nimetapika mara mbili. Si chakula.

Mandub ametuma ujumbe: ikama imehuishwa, mwaka mzima. Akaweka na picha ya ua.

Sellah hakunigombeza, ndiyo mbaya zaidi. Alitoka zamu, akala, akaosha vyombo, akakaa kitandani. Akaniambia wodini ameletwa mvulana wa miaka kumi na tisa, hahisi chochote kutoka shingoni kwenda chini, na baba yake anauliza kila nesi anayepita kama mtoto atatembea kabla ya Ramadhani. Akazima taa.

Nimewaza kumpigia Lina. Namba yake ninayo. Nimeitazama mpaka simu ikalala. Ningemwambia nini? Kwamba ile saini ni ya uongo, ya mtu yuleyule aliyekwambia mchanga mzuri, akakwambia inaendelea vizuri? Ningekuwa yeye nisingemwamini mtu kama mimi hata kwa bei ya nyanya.

Jamani, ninavyojichukia. Bosi angalau hajioni. Mimi najiona.


Jumamosi, 18 Januari. Ufuoni, ndani ya pikapu

Naandika kwa sababu mikono imekataa kazi nyingine.

Nitapanga. Saa nane mchana watu wamejaa mahemani. Mazulia mekundu juu ya chumvi, barafu iliyochongwa umbo la gari inayeyuka kwenye sinia, wasichana wanajipiga picha na ngamia wa kukodi. Watangazaji wanasema kasi, historia, mwanamke, historia. Mama yake Lina yuko mstari wa mbele, mdogo, amekaa wima, pochi ameikumbatia kwa mikono miwili. Nilipita karibu. Akanisimamisha akanishukuru. Ati Lina amemwambia kuna mhandisi mwanamke amepima kila hatua.

Nilimwambia afwan, karibu, na miguu ikanipeleka kwenye pikapu.

Nikawaambia wasimamizi kwenye redio nafanya ukaguzi wa mwisho wa bikoni. Hakuna aliyeniuliza, cheti nimesaini mimi. Leseni ya huku ninayo tangu mwaka jana. Nikaendesha juu ya kokoto za upande wa bara hadi usawa wa bikoni ya kumi na nane, nikaingia njiani, nikaliweka pikapu mkingamo, katikati kabisa. Nikazima. Nikitazama mstari wa kuanzia, kulia bahari, kushoto lami ya mbali, nyuma ya mgongo wangu ule uji.

Simu ikaanza mara moja. Bosi. Bosi. Mandub. Bosi. Redio inatamka jina langu vibaya. Idi amesimamisha boza kule juu, anapiga honi — hata sijui ananikemea au ananipongeza, mzee yule.

Halafu nikamwona Lina anakuja, peke yake, kwenye pikipiki ya magurudumu manne. Wamemvisha ovaroli nyeupe na kofia ya ngozi ya kizamani. Akazima. Hakupiga kelele.

"Ondoa gari, abla."

Nikashuka. Nikamwambia yote pale pale, kwa Kiingereza kibovu, machozi na makamasi. Bahari isiyopwa. Ripoti ya Novemba. Maboza. Ikama. Saini. Kwamba nilimdanganya mara mbili kwa mdomo na mara moja kwa kalamu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nionyeshe," akasema.

Tukatembea hadi ya ishirini na moja. Nikataka kuchoma, akaichukua nondo mwenyewe. Akaishika kwa mkono mmoja, akaegemea kidogo tu. Ikazama mpaka ngumi yake ikagusa chumvi. Akabaki ameinama hivyo. Ile harufu ikapanda, akaisikia, nilimwona pua ikicheza. Akaichomoa nyeusi tii.

Nikasema moyoni, asante Mungu, kwisha.

Akageuka akatazama mahema. Kutoka pale watu ni vitone tu, lakini unaona mstari wa mbele. Kisha akasukuma chumvi kwa kiatu, akalifunika lile tundu, akalikanyaga taratibu pande zote mpaka lisionekane. Akanirudishia nondo.

Nikamwuliza unafanya nini? Lina! Umeona mwenyewe!

Akaniambia, na sauti haikupanda hata kidogo: nikirudi pale kwa miguu, hakuna atakayesema njia ilikuwa mbovu. Njia ina cheti chako. Watasema msichana aliogopa. Watasema leo, watasema mwaka ujao, watamwambia kila msichana atakayekuja baada yangu. Rayan ataweka mvulana ndani kesho, apite kwenye kokoto, wapige makofi.

Nikamwambia nitasema mimi, nitasimama mbele ya kamera niseme saini ni ya uongo. Akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Si hasira. Kinyaa. Kile kile nilichokuwa namtazama nacho bosi siku zote hizi.

"Ulikuwa na wiki nzima, abla."

Akasema atapita upande wa juu kidogo, karibu na kokoto, pengine pako bora. Si bora, nimepachoma, nikamwambia. Akasema basi atapita haraka zaidi. Eti ukoko hautapata muda wa kuvunjika! Hayo ni maneno ya bosi Rayan kabisa, na yametoka kwenye mdomo ule wenye akili. Akapanda pikipiki. "Nikifika kwenye mstari, uwe umeondoka," akasema. "Nakuomba. Mama yangu anatazama."

Sasa amefika. Namwona mbali kule, weupe ukipanda juu ya wekundu wa gari. Watu wanampungia. Redio imenyamaza ghafla, simu pia, hata Idi ameacha honi.

Nikiondoka nitakuwa nimesaini mara ya pili. Nisipoondoka ataniona toka mbali, ana nafasi ya kusimama, breki zile mbovu lakini nafasi anayo, kilomita mbili na zaidi, pamoja na njia ya kuchukulia kasi kabla ya maili. Atasimama. Mtu mwenye akili atasimama. Au atanipita kwa upande wa bahari, na upande wa bahari ni mbaya kuliko wote, hilo sikumwambia. Kwa nini sikumwambia!

Nimepiga simu yake. Inaita. Ameiacha kwa mama yake bila shaka, maana imepokewa na sauti ya mwanamke mzima, "Alo? Alo, nani?" na nyuma yake makofi. Nimesema neno moja la Kiarabu lililonijia — mwambie asimame, wakif, wakif. Anasema hasikii, mwanangu, kelele nyingi.

Moshi. Amewasha.

Naweza kuwasha pia. Ufunguo uko hapa pajani, ni kuuzungusha tu.

Mlio umebadilika. Ametia gia. Vumbi linakuja.

Nimefunga mkanda, ufunguo bado uko pajani.